Umeme Uliokuja Kabla ya Saa

Lori la umeme lenye kapu la kuwainua mafundi lilipochomoza kwenye kona, matope mpaka viooni, mtaa mzima wa Harker ulilipuka kwa shangwe kama vile timu ya kwao imefunga bao la dakika ya mwisho. Watoto walilikimbilia na mabuti yao ya mpira. Mbwa wa Merv Tolley alibweka mpaka akapaliwa. Wiki nzima watu wa kilima kile walikuwa gizani, tangu dhoruba ing'oe mikaratusi mikubwa na kuilaza juu ya nyaya. Wiki nzima walioga kwa ndoo, maana kule maji ya tangi hayapandi bombani bila pampu, na pampu haiendi bila umeme. Sasa mafundi ndio hao!

Corrie alikuwa barazani anapasua kuni. Alilitupa shoka chini, akashika mdomo kwa mikono miwili. Alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Hakuna aliyelisubiri lori lile kama yeye. Ndani, dirishani, mama mkwe wake Dulcie alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kibomba puani. Mapafu ya Dulcie yalichoka zamani. Siku za kawaida alipumua kwa mashine inayonguruma kando ya kitanda usiku na mchana, na mashine hiyo haijui kuni wala mishumaa, inajua umeme tu. Dhoruba ilipokuja wakaanza kutumia mitungi ya hewa ya akiba. Uliobaki ulikuwa mmoja. Gari la kuleta mingine lilikuwa lije kesho, na tangu asubuhi Corrie alikuwa akiutazama mshale wa mtungi ule ukiteremka taratibu kuelekea kwenye rangi nyekundu, kama mtu anayetazama mtoto wake akitambaa kuelekea kisimani. Jenereta? Lililokuwapo mtaani ni la Merv, nalo lilikuwa limeungua.

"Wamekuja, Mama!" alipiga kelele. "Wamekuja!"

"Nina macho," alijibu Dulcie. "Mwili ndio mbovu."

Kule barabarani Shirl, mke wa Merv, alikuwa akiruka ruka na aproni yake. Ghafla akasimama. Corrie, ambaye tangu utoto alizoea kuwatazama watu kabla hawajasema, aliona jinsi furaha ilivyomwanguka usoni.

"Merv," alisema Shirl. "Leo si Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Na dhoruba ilikuja Alhamisi. Pai yangu ilikuwa itoke saa kumi na moja. Nimeshika mlango wa oveni hivi, na kitambaa mkononi, taa pu! Saa kumi na moja kamili."

Merv alitazama saa yake. Alikuwa dereva wa basi la shule miaka mingi, na saa aliiamini kuliko padri. Ilikuwa saa tisa.

Akawaita watu kwa kidole. Mtaa wote ukajikusanya nyuma ya kibanda chake cha kuni, na Corrie naye akasogea. Tangazo la shirika la umeme redioni kila mmoja alilijua kwa moyo: aliyekaa gizani siku saba kamili atalipwa fidia. Atakayewashiwa kabla, hata kama ni dakika moja, ataombwa radhi tu. Watu wa bonde la pili walikosa fidia majira ya baridi yaliyopita kwa sababu umeme wao uliwahi kurudi, na mpaka leo wakilewa wanalizungumza.

"Hawa wakiwasha kabla ya saa kumi na moja," alisema Merv kwa sauti ya chini, "sisi tumenuka wiki nzima bure."

"Friza langu!" alisema Shirl. "Tulinunua ng'ombe mzima, nyama ya mwaka. Yote nimeizika kama marehemu."

Tahlia, binti wa nyumba ya mwisho, alisogea mbele. Alikuwa na kitoto kichanga kifuani, chini ya koti. Usiku alikuwa akilala nacho kwenye gari na injini ikiwaka ili kipate joto, na pesa yote ya nyumbani ilikuwa imeingia kwenye petroli.

"Sasa tufanyeje, tuwafukuze?" mtu aliuliza.

"Tuwafukuze?" Merv alitabasamu. "Wewe hukulelewa? Wageni hawa wametoka mbali. Wana njaa. Shirl, chai!"

Na hapo ndipo ujanja wao wote ulipokaa. Kule milimani, fundi akifika kwako, chai ni haki yake, na yeye akiikataa amekutukana wewe na aliyekuzaa. Hakuna fundi aliyewahi kuikataa. Kwa kufumba na kufumbua jiko la kuchomea nyama lilikuwa limewashwa, soseji za mwisho za mtaa, za kopo, zimetoka mafichoni, Shirl anaoka skonzi kwenye sufuria juu ya moto wa kuni, na Merv, bila kuonekana na mtu isipokuwa Corrie, anasukuma tela lake la mashua na kulikalisha katikati ya njia iendayo kwenye nguzo. Akalifunga gurudumu kwa kufuli. Ufunguo akautumbukiza kwenye soksi.

Corrie alirudi ndani mbio. Dulcie alikuwa amefungua dirisha kidogo, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Nimesikia," alisema. "Usithubutu, Corrie."

"Mama, mtungi uko kwenye nyekundu."

"Na mimi niko kwenye nyekundu tangu mwaka juzi. Mbona sijapiga kelele?"

"Nikiwaambia wataacha mchezo sasa hivi."

"Ndiyo maana hutawaambia." Dulcie alipumzika, akavuta hewa, akaendelea. "Umemwona yule binti na kitoto? Mimi nisiwe kikongwe aliyewanyima watu fidia yao. Mtaa huu nitaishi nao vipi? Halafu ukiwaambia, wa kwanza ataita gari la wagonjwa. Mume wangu Len alilipanda gari lile kwa miguu yake mwenyewe, akicheka na dereva. Akarudi ndani ya sanduku. Mimi silipandi."

"Wade akinipigia simu nimwambieje?" Wade alikuwa mumewe, mtoto wa Dulcie, yuko migodini kule magharibi, anarudi nyumbani wiki moja kila baada ya wiki tatu.

"Mwambie mama yako anakusalimu. Saa mbili tu hizo. Nitapumua kidogo kidogo, kama bahili."

Corrie alipiga magoti akausoma mshale. Alisema, "Nakuja," akatoka.

Barabarani palikuwa sherehe. Kiongozi wa mafundi alikuwa jamaa mnene mwenye ndevu za kijivu, jina lake Theo Kalafatis, na Merv alishamkalisha kwenye kiti cha kukunja kama bwana harusi. Mkono mmoja alikuwa na soseji ndani ya mkate, mwingine kikombe, na juu ya paja sahani ya skonzi zenye jamu na krimu ya kopo. Wenzake wawili walikuwa wamezungukwa na watoto waliotaka kujua kama ndege akikaa kwenye waya anakufa, na kama mbweha je, na kama mwalimu mkuu je.

"Ndugu zangu, nashukuru," Theo alisema akijaribu kuinuka. "Ngoja tuianze ile nguzo."

"Kaa, kaa, kaka!" Merv alimrudisha kwa bega. "Haraka haraka haina baraka. Hujaonja ya tangawizi."

"Na chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," Theo alijibu. "Nina mitaa mingine mitatu baada ya huu. Hilo tela ni la nani?"

"Tela lipi?"

"Hilo lenye mashua, limelala njiani kama ng'ombe."

Merv aligeuka akalitazama tela lake kwa mshangao mkubwa. "Aa, hilo! La kwangu hilo. Kufuli limefungwa. Ufunguo, sasa... Shirl, mpenzi, ufunguo wa tela uko wapi?"

"Si ulikuwa nao wewe?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuwa nao siku ya harusi ya binamu yako."

"Harusi ya binamu yangu! Merv, yule ameshaachika."

Watu wakacheka, na Theo akacheka, lakini Corrie aliona macho ya fundi yanamtazama Merv, yanamtazama Shirl, yanatua kwenye skonzi. Yule hakuwa mjinga.

"Niwaambieni kitu," Theo alisema polepole. "Wiki hii nzima kila mtaa ninaofika natukanwa. Juzi nimepigwa yai hapa, kwenye kofia. Ninyi mnanipa krimu. Mnaficha nini?"

Soseji zikaendelea kuchuruza mafuta kwenye moto. Shirl akakumbuka kwamba anapaswa kuwa anamimina chai, akammiminia mtu ambaye hakuwa na kikombe.

Corrie alikuwa amesimama nyuma ya wote, mikono ndani ya mifuko ya koti. Jua lilikuwa linashuka kwenye mikaratusi, lakini mpaka saa kumi na moja bado nusu saa nzima. Alimtazama Tahlia, alivyokitikisa kitoto chake na kuomba kwa midomo. Alitazama dirisha la nyumba yake. Dulcie alikuwa pale, ameegemea mbele, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Kwa mtu mwingine yule alikuwa bibi anayeangalia tamasha. Corrie alijua kwamba mtu akianza kupumua kwa mabega, bahili ameishiwa.

"Mama Dulcie anakosa hewa," alisema.

Hawakumsikia. Sauti yake haikuzoea barabara. Akavuta pumzi ya watu wawili.

"Nimesema Mama anakosa hewa! Mtungi unaisha! Mashine inataka umeme sasa, si saa kumi na moja! Alinikataza nisiwaambie, kwa ajili ya fidia yenu. Basi nimesema, mnichukie."

Merv Tolley akampokonya Theo kikombe kutoka mdomoni, chai ikamwagikia ndevu.

"Umekaa unakunywa nini, bwana wewe? Inuka! Hujasikia? Inuka!"

"Ulisema haina baraka," alisema Theo, tayari ameshasimama.

"Nyamaza! Upande juu!"

Merv akaketi chini kwenye matope, akavua buti, akavua soksi, akautoa ufunguo mbele ya mtaa mzima bila aibu. Lakini kufuli lilikuwa limejaa matope, likagoma. "Liacheni!" alipiga kelele Shirl. "Libebeni!" Wakalizingira tela, wanaume kwa wanawake, mashua na yote, wakalinyanyua na kulitupa kwenye maua ya Shirl mwenyewe, na Shirl ndiye aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote. Matawi yaliyolalia waya ambayo wiki nzima waliyazunguka yakaburutwa kama vijiti mara mafundi waliposema ni salama. Msumeno wa mashine ukalia. Tahlia alikitia kitoto mikononi mwa mtoto wa jirani, akashika tawi. Lori likanguruma mpaka kwenye nguzo, kapu likapanda, Theo ndani yake, na chini watu walimpigia makofi kama mchezaji anayeingia uwanjani.

"Kaza, Theo! Kaza, baba!"

"Kama ulivyokula, ndivyo ufanye kazi!"

Corrie hakuwapo. Alikuwa ndani, amepiga magoti mbele ya kiti.

"Umewaambia," alisema Dulcie.

"Nimewaambia."

"Mkaidi wewe." Akavuta hewa. "Kama mwanangu."

Na taa ikawaka! Taa ile ya darini, yenye vumbi la wiki nzima, ikawaka, na kando ya kitanda mashine ikanguruma, Corrie akamwekea Dulcie kibomba chake, na mtaa wote ukapiga kelele iliyowarusha kasuku kutoka mitini. Umeme! Nyumba zote zikang'aa mara moja. Maana wiki nzima kila mtu alipopita kwenye swichi alikuwa ameibonyeza kwa matumaini, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Pampu zote zikaanza kuvuta. Oveni, hita, mabirika, mafriza, mashine za kufulia zenye nguo zilizochacha, vyote kwa pamoja. Juu ya paa la Merv, taa za Krismasi, ambazo Shirl alimwambia azishushe tangu Januari, zikaanza kumetameta nyekundu na kijani katikati ya baridi ya Juni.

Hapo juu ya nguzo kikasikika kishindo kama risasi. Cheche zikamwagika. Giza.

Mashine ikashuka sauti, ikanyamaza.

"Nani kawasha nini?" Theo alinguruma kutoka kwenye kapu. "Fyuzi imekwenda! Mmeifungulia midomo yote kwa wakati mmoja! Zimeni! Kila nyumba, swichi kubwa, zimeni!"

Corrie alirudisha kibomba cha mtungi kwenye pua ya Dulcie. Kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayenong'ona mwisho wa habari ndefu. Mshale ulikuwa umelala. Midomo ya Dulcie ilikuwa na rangi ya zabibu nyeusi.

"Nitazame mimi," Corrie alisema. "Polepole, Mama. Toa kwanza. Kama unapuliza moto kwenye kuni mbichi, ukipuliza kwa nguvu unauzima. Hivyo. Tena."

Nje sauti ya Merv ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba, na buti lake moja likichapa lami na mguu mmoja mtupu. "Zima! Zima, Tahlia! Zimeni kila kitu! Shirl, panda ukazizime hizo taa za shetani!"

"Za nani?" Shirl alijibu kutoka mbali. "Si zako!"

Dulcie alitaka kucheka, Corrie akamkataza kwa kidole. "Toa kwanza," alisema. "Utacheka baadaye." Wakapuliza pamoja, paji kwa paji, kikongwe na mke wa mwanawe, na Corrie hakuitazama mashine hata mara moja, kwa sababu alijua Dulcie anasoma uso wake na si kitu kingine.

Taa ikawaka juu yao. Mashine ikakohoa, ikanguruma, ikaendelea kunguruma.

Ilinguruma na haikukatika. Corrie akabadilisha kibomba, akakaa sakafuni. Akaona zabibu inaondoka midomoni mwa Dulcie, kidogo kidogo, na rangi ya mtu inarudi.

Aliposikia kimya, akainuka kuangalia nje. Mtaa mzima ulikuwa mweusi, nyumba zote zimezimwa kwa mkono wa wenyewe, isipokuwa hii moja. Na watu wote walikuwa wamesimama kwenye baraza lake na kwenye ngazi zake, kofia mkononi, wakisikiliza mashine ikinguruma kama vile inaimba.

"Anapumua?" Merv aliuliza.

"Anapumua, na anasikia," alijibu Dulcie kutoka ndani. "Vaa buti, Merv."

Kelele iliyofuata ilikiamsha kitoto cha Tahlia. Watu walikumbatiana. Shirl alimbusu Theo kwenye ndevu zenye chai. Merv alilia waziwazi, akasema ni moshi wa soseji.

Hapo redio ya kifuani mwa Theo ikakwaruza. Sauti ya mwanamke kutoka ofisini ikauliza kama mtaa wa Harker umerudi, na umerudi saa ngapi.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Theo. Merv alilitazama buti lake, Tahlia alimtazama mtoto. Walikuwa wameshaiacha fidia pale kwenye matope, pamoja na soksi.

"Umeme ulikuja kabla ya saa kumi na moja," Theo aliiambia redio, "haukukaa hata dakika. Fyuzi ikaenda. Sasa umekaa, na saa kumi na moja imeshapita. Lakini ni nyumba moja tu. Nyingine nitaziwasha moja moja, la sivyo itaungua tena."

Redio ilifikiri. "Basi kila nyumba ihesabu pale itakapowaka na kukaa," ilisema. "Ndivyo kanuni ilivyo."

"Ndivyo ilivyo," Theo alisema, akaifunga.

Kwanza hawakuelewa. Kisha Shirl akaelewa kwamba kila nyumba itakuwa imetimiza siku saba gizani, na mlio alioutoa ulimfanya mbwa ajifiche chini ya lori. Mtaa ukalipuka kwa mara ya nne siku hiyo. Tahlia aliketi kwenye ngazi akacheka na kulia, akimwambia mtoto wake habari za fidia kama vile naye ana friza.

"Haya, semeni," Theo alipaza sauti. "Nani anafuata kuwashiwa? Msinigombanie."

"Muulize mwenye umeme," alisema Corrie.

Wote wakageukia dirisha. Dulcie, kibomba puani, alijiweka sawa kwenye kiti kama hakimu.

"Tahlia na kitoto chake," alisema. "Baadaye wale wenye watoto. Baadaye wengine. Merv wa mwisho kabisa."

"Aa, Bibi Dulcie! Kosa langu nini?"

"Kosa? Nakufanyia hisani, mjinga wewe. Ulitaka kuchelewa, sasa chelewa. Na zile taa za paani zisiwashwe mpaka Desemba."

Merv alipokea hukumu na soseji moja baridi, akakaa kwenye ngazi ya chini kungoja zamu yake. Baada ya muda akageuza shingo. "Corrie, mwanangu, basi nyumbani kwenu hakuna hata chai?"

Corrie aliliangalia birika la umeme juu ya meza, akausikiliza mngurumo ule wa kando ya kitanda. Hakuligusa. Alitoka barazani, akaliokota shoka pale alipolitupa, na kuanza kupasua kuni.